Kuvunjika na Kuvunjwa: Juu ya Vitenzi vya Kiswahili katika Kemia ya Kabonili

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mabishano yetu juu ya lugha ya sayansi yamekuwa, kwa sehemu kubwa, mabishano ya majina. Twaulizana kama yafaa kusema msombo au kampaundi, kama neno la kigeni lipokewe jinsi lilivyo au litafutiwe mwenzake wa Kibantu, na mtu akishinda katika jina moja hujiona ameisaidia lugha. Kazi ya watunga istilahi ilikuwa kubwa, wala sina nia ya kuipunguza: atomi, molekuli, kichocheo, mmenyuko, maneno haya yamekwisha kukaa, na yule ayakataaye sasa anapigana na mto ukiwa umekwisha pita. Walakini sayansi haisemwi kwa nomino peke yake. Mwenye kutaka kueleza jinsi kitu kimoja kigeukavyo kuwa kingine hana budi kutumia vitenzi, na kamusi ya istilahi, kwa desturi ya kamusi zote za namna hiyo, vitenzi huviacha mlangoni.

Makala hii yatazama kipande kimoja cha kemia ambamo majina ni machache na vitenzi ndivyo vyenye kazi, yaani mwendo na njia za mimenyuko ya misombo ya kabonili. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mkoa wa Morogoro, ambako nimesikiliza masomo kadhaa ya kemia ya sekondari, umejaa vitu hivyo mashambani na viwandani, hata mwalimu asiwe na haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ya pili ni ya kisarufi, na ndiyo hoja yangu: tofauti ambazo wakemia walizigundua kwa taabu ya miaka mingi, nani aingiaye katika hatua ya polepole na nani afikaye baadaye, Kiswahili kimekwisha kuzitia katika viambishi vya kitenzi. Tafsiri zetu zazitupa.

Kwanza kitu chenyewe. Kabonili ni kaboni iliyofungwa na oksijeni kwa vifungo viwili. Ikiwa kaboni hiyo i mwishoni mwa mnyororo, ina hidrojeni ubavuni, twaiita aldehidi. Ikiwa katikati ya kaboni mbili, twaiita ketoni. Oksijeni huvuta elektroni kwake kwa nguvu kuliko kaboni, na kwa hiyo kaboni hubaki na upungufu. Karibu kila jambo litendwalo na misombo hii hutokana na upungufu huo. Fomalini ihifadhiyo maiti hospitalini ni aldehidi iliyo ndogo kuliko zote, ndani ya maji. Asetoni aondoleayo mtu rangi ya kucha ni ketoni. Na harufu ya mdalasini ubambuliwao katika mashamba ya viungo ya miteremko ya mashariki ya Uluguru, pande za Kinole na Matombo, ni ya aldehidi iitwayo sinamaldehidi, ambayo Dumas na Péligot waliitenga mwaka 1834. Ukubwa wa upungufu hupimika. Ukitia fomaldehidi katika maji, karibu yote huyapokea maji na kubadilika umbo. Asetaldehidi hufanya hivyo kwa kadiri ya nusu yake. Asetoni kwa kadiri ya sehemu moja tu katika elfu.

Sasa, wakemia huuliza maswali mawili ambayo katika vitabu vyetu vya shule huchanganywa. Moja ni la mwendo: badiliko hili lina kasi gani, na ni kiasi cha kitu gani kikiongezwa kasi huongezeka? Hili hupimwa. La pili ni la njia: ni kifungo gani kilianza, ni kipi kilifuata, nani alitoa na nani alipokea? Hili halionekani kwa macho. Hukisiwa kutokana na lile la kwanza, kama vile hakimu akisivyo tendo kutokana na nyayo.

Mwanzo wa upimaji huo ni sukari ya miwa, na hapa Morogoro yaweza kujivunia kidogo, kwani Kilombero na Mtibwa husaga kila msimu kitu kile kile alichokitazama Ludwig Wilhelmy mwaka 1850. Alitia asidi katika maji ya sukari, akafuatisha kwa chombo cha mwanga jinsi sukari ilivyogawanyika kuwa glukosi na fruktosi, moja yenye aldehidi iliyojificha na ya pili yenye ketoni iliyojificha. Aligundua kwamba kila wakati kasi ililingana na kiasi cha sukari kilichosalia: ikibaki nusu, kasi ni nusu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo wa mmenyuko kupata kuandikwa kwa hesabu. Mkulima wa miwa hana haja ya kuambiwa kwamba muwa uliokatwa haungoji. Yeye husema kwamba umechacha, na kitenzi chake, tazama, hakina mtendaji.

Tutue hapo. Kiswahili kina jozi ya maumbo ambayo kila mtoto huyatumia bila kufundishwa: vunjika na vunjwa, geuka na geuzwa, funguka na funguliwa. Bi. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kueleza kwamba umbo la kutendeka hutaja hali bila kumwangalia aliyeisababisha, na umbo la kutendwa humkumbusha mtendaji hata asipotajwa. Kipimo chake ni rahisi. Twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto". Hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto", na atakayesema hivyo atasahihishwa na bibi yake kabla ya mwalimu. Kiambishi kimoja chafungua mlango wa "na" wa mtendaji, kingine chaufunga. Wala jambo hili si mali ya Kiswahili peke yake. Ni urithi wa Kibantu, na mtoto wa Mgeta azungumzaye Kiluguru nyumbani anao kabla hajaingia darasani.

Naomba msomaji auweke mlango huo kando ya kanuni ya mwendo. Kifungo kikiachia chenyewe, bila mwingine kushiriki katika hatua hiyo, kasi hufuata kiasi cha kitu kile kimoja tu: kifungo kimevunjika. Kikiachia kwa sababu mwingine amekigonga, kasi hufuata viasi vya wote wawili: kimevunjwa na fulani. Yaani "na" ya mtendaji ni kama alama ya kuzidisha katika hesabu ya mwendo. Sisemi kwamba wahenga walikuwa wakemia. Nasema kwamba tofauti ihitajiwayo imo, na mwanafunzi anayo kinywani.

Twaitumiaje? Chukua neno haidrolisisi, ambalo kwa Kiyunani ni kufunguliwa kwa maji. Vitabu hulieleza kwamba msombo "hupasuliwa na maji", na kwa sukari ya Wilhelmy tumewekewa maji kuwa mtendaji. Lakini njia iliyokubaliwa sasa ni nyingine. Asidi huipa sukari protoni. Kisha kifungo kati ya kaboni na oksijeni huvunjika chenyewe, polepole. Maji huja baada ya hapo kuziba nafasi iliyokwisha kuachwa wazi. Basi sukari haikupasuliwa na maji, imepasuka, maji yakaingia. Mtu ataniuliza kama upimaji wa kasi waweza kutenga haya mawili. Peke yake hauwezi, kwa kuwa maji yamejaa chomboni na kiasi chake hakibadiliki hata kionekane katika hesabu. Ilibidi kutafuta ushahidi wa namna nyingine. Nakiri kwamba mfano huu waipunguzia jozi yangu umbuji wake, lakini haiipunguzii haki. Sentensi yenye "na maji" yadai jambo ambalo ushahidi haukulitoa.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Arthur Lapworth. Mwaka 1904 alieleza mmenyuko wa asetoni na bromini penye asidi. Kila mtu angetazamia kwamba ukiongeza bromini mmenyuko utaharakishwa, maana bromini ndiyo iingiayo katika asetoni na kushika mahali pa hidrojeni. Haikuwa hivyo. Kasi ilifuata kiasi cha asetoni na kiasi cha asidi. Bromini iwe nyingi au haba, ilikuwa mamoja. Hata ukitia iodini badala yake, kasi huwa ile ile. Maana yake ni kwamba asetoni kwanza hugeuka umbo, polepole, kwa msaada wa asidi, ikawa enoli. Na enoli ikitokea tu, bromini huidaka mara moja. Bromini ni kama abiria aliyefika kituoni mapema: kuongeza abiria hakulifanyi basi lije upesi.

Katika darasa moja la Morogoro nilisikia mmenyuko huu ukielezwa. Somo, kama ilivyo kanuni ya sekondari hadi leo, lilikuwa la Kiingereza, na maelezo, kama ilivyo kweli ya sekondari hadi leo, yalikuwa ya Kiswahili. Mwalimu alisema, "Bromini inaigeuza asetoni." Wanafunzi wakaandika. Kisha ubaoni ikaja kanuni ya kasi isiyo na bromini ndani yake, na kijana mmoja akauliza, kwa adabu, imekuwaje mwenye kugeuza hayumo katika hesabu ya kugeuka. Akajibiwa kwamba ndivyo majaribio yanavyoonyesha. Jibu ni kweli, lakini swali lilizaliwa na sentensi. Laiti kijana yule angeambiwa, "Asetoni hugeuzwa na asidi, nayo bromini huidaka ikiisha kugeuka," angeiona kanuni kabla haijaandikwa: asetoni na asidi ndani, bromini nje. Mwalimu hana lawama; alitafsiri sentensi ya Kiingereza iliyoanza na bromini, kwa kuwa katika Kiingereza kitu kiongezwacho chomboni ndicho kipewacho heshima ya kuwa kiima.

Hapa ndipo nilipo na ugomvi na mazoea yetu. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikakitaja kwa ngazi zote pamoja na Kiingereza. Na kila mara hoja ya wapinzani imekuwa kwamba istilahi hazitoshi. Sisi nasi tumewajibu kwa orodha za istilahi, kana kwamba tumekubali kipimo chao. Hata hivyo neno mmenyuko limo katika orodha, na kitenzi chake sijakisikia darasani hata mara moja. Mwanafunzi akitaka kusema jambo litendekalo, husema vitu hivi viwili "vinariakti". Amepewa kisu bila mpini. (Na kwa umbo lake mmenyuko laonekana kuwa na ujamaa na kumenya, kama mtu amenyavyo ndizi, ikiwa ni hivyo, jina lenyewe lina picha ya ganda kuachia, ambayo hakuna mwalimu aitumiaye.)

Yafaa sasa kuyaangalia mapingamizi. La kwanza ni la wanasarufi: umbo la -ika lina maana mbili, kuwa katika hali na kuwezekana. "Kifungo hiki chavunjika" chaweza kuwa "kimo katika kuvunjika" au "ni cha kuvunjwa kwa urahisi". Ni kweli, na katika maandishi ya kemia utata huo wadhuru, kwa sababu urahisi wa kuvunjika ni habari ya nguvu na kuvunjika kwenyewe ni habari ya tukio. Lakini njeo hutatua sehemu kubwa: "kilivunjika" hakina utata, na kwa uwezekano lugha ina -ikana, "chavunjikana", ambayo yafaa kuhifadhiwa kwa kazi hiyo peke yake. La pili ni la wakemia, nalo ni zito zaidi. Kanuni ya kasi haisemi nani alimgonga nani. Yasema tu ni atomi zipi zimekusanyika katika fundo la hatua ya polepole, pamoja na hatua nyepesi zilizoitangulia. Asidi ya Lapworth, mathalan, haifiki wakati mmoja na mambo yote; huitangulizia asetoni protoni kwanza. Kwa hiyo "hugeuzwa na asidi" ni muhtasari. Nakubali. Lakini ni muhtasari usiosema uongo, na "hugeuzwa na bromini" wasema.

Kiambishi cha tatu, -ana, chanitia mashaka kwa upande mwingine. Kiswahili chakipenda. Tukiona vitu viwili vimekuwa kimoja twasema vimeungana, na jambo limekwisha. Tazama tena mdalasini. Mwaka 1854 Chiozza aliunda sinamaldehidi kwa benzaldehidi na asetaldehidi, na mmenyuko huo huelezwa kwa Kiswahili kwamba aldehidi mbili "huungana na kutoa maji". Sentensi haina kosa, ila imezificha kazi za wawili hao. Asetaldehidi ina hidrojeni kwenye kaboni iliyo jirani ya kabonili, kwa hiyo yaweza kugeuka kuwa enoli na kutoa elektroni. Benzaldehidi haina hidrojeni mahali hapo. Haiwezi kutoa, yaweza kupokea tu. Kutendeana kwao ni kama kwa muuzaji na mnunuzi: wamekutana, wamepatana, lakini ukisema "waliuziana" umepotosha habari. Yafaa kusema kwamba asetaldehidi hujiunga na benzaldehidi, kisha maji hutoka. Jiunga, kwa kile kiambishi cha kujirejea, chaonyesha nani aliyetembea. Mdalasini ukichemshwa penye alkali, ndoa hiyo yaweza kuvunjika, wawili wakarudi walivyokuwa. Na kwa hapo -ana yafaa sana, kwa kuwa huachana.

Juu ya njia yenyewe, hatua kwa hatua, nina machache ya kusema, kwa sababu hapa lugha imetutendea wema mwingi mno. Wakemia hutenga mmenyuko upitao kituoni na mmenyuko upitao bila kutua. Msafiri kutoka Morogoro mjini aelekeaye ng'ambo ya milima hawezi kukwepa kupanda. Asipopita penye vilele, atatafuta mahali palipolegea, kama lile pengo la Bunduki ligawalo Uluguru ya Kaskazini na ya Kusini. Kichocheo ndicho kimwonyeshacho pengo. Mlima hakiupunguzi hata inchi moja. Pale juu penye ukingo hakuna akaaye, kupita ni kupita. Lakini njia nyingine zina kijiji katikati, baina ya mpando na mpando, na kijijini mtu aweza kukutwa. W. P. Jencks alimkuta mwaka 1959. Alipochanganya hidroksilamini na misombo ya kabonili, aliona alama ya kabonili katika mwanga ikitoweka upesi, na alama ya oksimu, yaani zao la mwisho, ikija polepole baadaye. Kati ya kutoweka na kuja palikuwapo kitu cha tatu, kimekaa. Na asidi ikizidi, hatua ya polepole huhama: mwanzoni kutoka kwa maji ndiko kuchelewako, asidi ikiwa nyingi, hidroksilamini yenyewe hushikwa na protoni, na kufika kwake ndiko kuchelewako. Kasi hupanda, hufika kilele, hushuka.

Kwa Kiingereza haya hutaka aya. Kwa Kiswahili ni -ka- na -ki-. "Hidroksilamini ilijiunga na kabonili, maji yakatoka": ni hatua mbili, kuna kijiji. "Kifungo kimoja kikivunjika, kingine hufungika": ni tendo moja, hakuna kijiji. Msimulizi yeyote wa hadithi ajua kwamba -ka- husogeza wakati mbele na -ki- huushika. Nimepekua maelezo ya Kiswahili ya somo hili ambayo walimu wameandikia madarasa yao, na karibu yote huunganisha hatua kwa "halafu" na "na", maneno yasiyotenga lolote.

Neno moja juu ya "shambulia". Limeingia kwa tafsiri, nasi twasema kwamba kitu chenye elektroni za ziada "huishambulia" kabonili. Ni neno baya kwa tendo hili. Kaboni yenye upungufu haishambuliwi, yapewa. Na mtoaji haji uso kwa uso kama askari. Bürgi na Dunitz, walipolinganisha fuwele nyingi katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba huja kwa pembeni kutoka nyuma kidogo, kwa pembe ya kadiri ya nyuzi 107 na kile kifungo cha oksijeni. "Huikaribia na kuipa" yatosha. Tukitaka jina, nashauri kitoaji na kipokeaji, kwa ngeli ya KI, pamoja na kichocheo aliyetangulia. Mtoaji na mpokeaji yaachiwe watu, ijapokuwa nimeona wanafunzi wakiipa molekuli ngeli ya M-WA pasipo kufikiri, na pengine wao ndio wenye sikio zuri.

Limebaki jambo moja lililonishinda. Cannizzaro alionyesha mwaka 1853 kwamba benzaldehidi, ikitiwa alkali kali, nusu yake huwa asidi na nusu huwa alkoholi. Alkali hujiunga na molekuli moja. Molekuli hiyo humpa mwenzake hidrojeni pamoja na elektroni zake mbili. Mtoaji akawa asidi, mpokeaji akawa alkoholi. Katika hesabu ya kasi benzaldehidi huhesabiwa mara mbili. Hapa viima viwili ni kitu kimoja kwa jina, kwa umbo na kwa asili, na mmoja tu ndiye atoaye. "Hupeana" ni uongo, kwa kuwa hakuna kurudishiana. "Hujipa" ni uongo zaidi, maana ni molekuli mbili. "Hupewa" yaulizia mtendaji, na ukimtaja umerudia jina lile lile: "benzaldehidi hupewa na benzaldehidi". Nimejaribu "moja humpa mwenziwe", na wakemia wawili niliowasomea wakacheka, kisha wakakubali kwamba imeeleweka. Ikiwa kuna msomaji wa pwani au wa bara ajuaye kitenzi kimoja cha kutendeana kwa upande mmoja, jarida hili lina nafasi ya kukichapa.